Feza ifuate kazi, hapana kazi kufuata feza

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wenzetu, Bukavu

 

Aksanti kwa kuja, zaidi nyinyi mumetoka Bagira na Panzi kwa miguu na hii mvua. Tumewaona vile viatu vyenu viko. Hatutawachokesha na maneno mingi.

Walituomba tuseme juu ya kuanzisha kazi yako wewe mwenyewe, kazi ya sanaa, kazi ya kutunga kitu. Tuseme mbele ya yote: hatukuja hapa sawa watu walioshinda. Sisi tuko wanne. Wote tuko na diplome. Wawili walisoma ualimu, mumoja sheria, mumoja maendeleo ya vijiji. Zamani tulikuwa watano, na mutasikia juu ya nini leo tuko wanne. Hakuna hata mumoja kati yetu mwenye kupata mushahara. Kama ulikuja kutafuta siri ya kuwa tajiri mu miezi sita, utuhurumie, hatuna. Tuko na kitu kimoja tu: makosa yetu, na kile makosa hayo yalitufundisha.

Tulipomaliza masomo tulifanya sawa wote. Tulipiga fotokopi za diplome, tukazitia mu anvelope, tukatembea ofisi kwa ofisi. Kwa mulango walisema: wacha hapo, tutakuita. Kwenye tangazo waliandika: uzoefu wa miaka mitano. Mutu amemaliza shule jana, huo uzoefu atautoa wapi? Kisha mwaka mumoja na nusu, fotokopi zilikuwa zimekula feza kuliko sisi tulikula bugali.

Basi tukasema: tujitumikie sisi wenyewe. Lakini musikilize vizuri namna tulivyoanza, juu kosa liko pale. Tuliketi usiku mumoja, na swali la kwanza tulilouliza lilikuwa hili: ni kitu gani inaleta feza mbio? Mumoja akajibu: ndoa. Kila siku ya posho hapa mujini kuko ndoa, na kila ndoa inataka video. Hakuna aliyeuliza kama kati yetu kuko mutu anayependa video. Hakuna aliyeuliza kama tunaijua. Tukaenda kwa baba mudogo wa mumoja wetu, akatukopesha dola 300, tukanunua kamera ambayo tayari ilikuwa imetumika kwa wengine.

Kwa miezi saba tulipiga ndoa sita. Tulikuwa tunakuja, tunasimamisha kamera, tunangojea chakula. Bei yetu ilikuwa chini kuliko ya wengine, njo sababu watu walituita. Sasa, kwa ndoa ya sita, bibi harusi alituita kisha wiki mbili. Hakupiga makelele. Aliketi na sisi, akaangalia video yote, saa mbili nzima, kisha akasema: "Munaona? Mama yangu haiko ndani."

Wandugu, ilikuwa kweli. Tulipiga keki, tulipiga magari, tulipiga watu wakubwa waliokaa mbele. Mama aliyemuzaa yule mudada alikuwa nyuma, anagawa chakula, na sisi hatukumuona hata mara moja. Tulimurudishia nusu ya feza. Kamera tuliuzisha dola 180. Deni ya baba mudogo ikabaki dola 120, na ilituchukua karibu mwaka kuilipa.

Usiku ule tulielewa kitu. Kama ungependa kile unachofanya, ungemuona yule mama. Hakuna mutu angekuambia. Jicho lako lenyewe lingemutafuta. Sisi tulikuwa tunaangalia feza, na mutu anayeangalia feza haone kitu kingine.

Kazi tunayofanya leo ilianza bila sisi kujua. Umeme ulikuwa umekatika siku tatu. Koko wa mumoja wetu, mama muzee wa Kadutu, alikuwa amewakusanya wajukuu karibu na makala, anawapigia hadisi kwa Mashi, anaichanganya na Kiswahili juu watoto wengine hawasikie Mashi vizuri. Mumoja wetu akaweka simu chini ya kiti na akarekodi. Juu ya nini? Juu alisikia uchungu kuona ile sauti itapotea siku Koko atapotea. Ni hiyo tu. Hakuna hesabu iliyofanywa.

Kesho yake akatuma ile sauti kwa wandugu zake wawili. Kisha siku nne, watoto wa avenue ya pili walikuja kuuliza: ile hadisi ya mutoto aliyetumwa mayi, kuko ingine? Kisha wiki mbili, kijana mumoja wa soko ya Kadutu, mwenye kutia watu miziki mu simu kwa franka 500, alituita. Akasema: "Kuko mama wa sambaza hapa, kila siku ananiuliza kama hadisi mupya ya yule Koko imefika. Muko na ingine, ao hapana?"

Tulikwenda kumuona yule mama. Tukamuuliza juu ya nini anaipenda. Alijibu hivi: yeye anatoka nyumbani saa kumi na moja asubui na anarudi usiku. Koko ya watoto wake alifariki, na yeye mwenyewe haiko na nguvu ya kupiga hadisi kisha siku ya soko. Sasa watoto wanalala na hadisi mu simu. Akasema pia: "Sikujua kama mambo yetu inaweza kuingia mu simu. Nilizani mu simu kunaingiaka tu mambo ya watu wengine."

Sisi tuko na diplome nne, na hakuna profesa aliyetufundisha maana ya neno "thamani" vile yule mama alitufundisha.

Basi, tukaanza. Hatukukopa kitu. Tulikuwa na simu mbili, na chumba cha wazazi wa mumoja wetu ambamo tulitundika mablanketi juu ya makelele ya pikipiki. Tulienda kwa wazee: Kadutu, Bagira, Nyawera. Kwanza walitucheka. Kisha wakaanza kutuita wao wenyewe.

Wengine watasema: ninyi mulikuwa na bahati ya Koko. Ni kweli. Lakini muangalie mu inchi yetu, mutaona njia hii si yetu sisi tu.

Kule Kinshasa, mwaka wa 1994, mutu mumoja anayeitwa Armand Diangienda alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Alikuwa rubani wa ndege, na kazi ikamwishia. Chômeur sawa sisi. Violoni zilikuwa chache kuliko wanafunzi, wakapokezana: wewe unapiga kidogo, unamupa mwenzako. Kamba ikikatika walitumia waya wa breki ya kinga. Wachezaji wengi walikuwa na kazi zingine za muchana, na mazoezi ilikuwa magaribi. Mwaka wa 2010 kulitoka filme juu yao, Kinshasa Symphony, na dunia ikawajua. Hesabuni: 1994 mupaka 2010. Ni miaka 16. Mutu aliyeingia mule juu ya feza angevumilia miaka 16? Hata miezi 16 asingefika.

Mwingine ni Chéri Samba. Aliingia Kinshasa mwaka wa 1972, kijana mudogo, akafanya kazi ya kuchora mabao ya maduka. Mwaka wa 1975 alifungua atelie yake mwenyewe. Mabao ndiyo yalimulisha. Lakini alikuwa pia anachora picha juu ya maisha ya watu, anazitundika inje, na aliandika maneno juu ya picha ili mupita njia asimame na asome. Wa kwanza kuona ile kazi walikuwa watu wa barabara yake. Maonyesho makubwa ya Paris yalikuja kisha, mwaka wa 1989. Musikie hii: hakuacha mabao siku ya kwanza ili aishi na picha tu. Kazi ya kula ilibeba kazi ya kupenda mupaka ile ya kupenda ikaweza kutembea yenyewe.

Na sisi njo tunafanya vile. Mumoja wetu iko na moto, anabeba watu asubui. Mumoja anauzisha unité kwa kona. Mumoja anafundisha watoto wa jirani hesabu. Hakuna haya mule. Haya ni kukaa unangojea musaidizi wakati tumbo ya mama yako iko inalia.

Sasa tuingie mu neno gumu. Mumoja wetu wa tano.

Wakati kazi yetu ilianza kujulikana, mutu mumoja aliyekuwa anatafuta kura alitutumia mujumbe. Hatutasema jina, na jina haina maana hapa. Aliahidi dola 800. Alitaka kitu kidogo tu: Koko, mu hadisi zake, ataje jina yake. Mutoto aliyetumwa mayi akifika kwa kisima, asaidiwe na mutu mwenye lile jina. Ni hiyo tu. Dola 800, mbele ya watu watano ambao deni ilikuwa bado haijaisha.

Musifikiri tulikataa mbio sawa mashujaa. Tulikaa siku tatu bila kulala. Wawili walitaka tukubali, na sababu zao zilikuwa za kweli. Mumoja mutoto wake alikuwa hospitali, na hospitali haikubali hadisi kuwa malipo. Mwingine mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumupa tarehe ya kutoka. Tuligombana, tukatukanana, mpaka mumoja akasema: mbona hatumuulize mwenye sauti?

Tukaenda kwa Koko. Tukamueleza yote, pamoja na ile dola 800, na tukamuambia sehemu yake. Akanyamaza. Kisha akasema: "Hii hadisi nilipewa na mama yangu. Na yeye alipewa. Kama leo nikitia mule jina ya mutu, wajukuu watajuaka kama ni hadisi ao ni tangazo?" Akaongeza: "Lakini huyu mwenye mutoto hospitali, tumuchangie."

Tulikataa dola 800. Tulichanga, sisi na watu wa avenue, na mutoto alitoka hospitali. Lakini mwenzetu hakurudi. Alituambia: siwezi kutumika na watu wanaokataa feza wakati mutoto wangu anaumwa. Leo anatumika kule kwa machimbo. Hatumuhukumu. Tuseme kweli: mupaka leo kuko siku tunajiuliza kama tulimukosea. Yule anayewaambia kwamba kutanguliza thamani mbele ya feza haina bei, anawadanganya. Iko na bei. Sisi tulilipa bei ile na rafiki.

Sasa juu ya nini tunasema bado tulifanya vizuri? Juu ya yale yaliyotokea kisha. Habari ya kwamba Koko alikataa ilitembea mu soko. Watu walijua kwamba hii sauti hainunuliwe. Na miezi mitatu kisha, mudada mumoja wa hapa anayeishi mbali, ngambo, alitupigia simu. Akasema: "Baba yangu iko Bagira, iko na miaka 81, sijui kama nitamukuta. Munaweza kwenda kumurekodi, anielezee namna alivyokuja mujini, namna alivyooa mama? Nitalipa." Hatukuwa tumefikiri ile kazi hata siku moja. Yeye njo alituletea. Na tukamuuliza: juu ya nini sisi? Akajibu: juu mulikataa.

Munaona? Uaminifu ule, dola 800 haingeweza kuununua. Lakini ingeweza kuuharibu kwa siku moja.

Leo kazi hiyo njo inaleta feza. Familia inalipa dola 15, tunarekodi muzee, tunasafisha sauti, tunawatumia. Tuwape hesabu ya mwezi uliopita, bila kuficha. Tulirekodi wazee 14. Ilikuwa dola 210. Safari ilikula 40. Kuchaji simu na meगा ya intaneti ilikula 20. Karte za mémoire 30. Kila muzee tunamupa dola 3, juu sauti ni yake: ilikuwa 42. Ilibaki dola 78. Tukagawa kwa wanne: dola 19 na nusu kwa mutu.

Munacheka. Na sisi tulicheka. Dola 19 na nusu si mushahara. Lakini mwaka uliopita ilikuwa sifuri, na mbele ya sifuri ilikuwa deni. Na hakuna hata mumoja aliyeshikwa na haya ya kueleza namna alivyozipata.

Kwa hiyo musituelewe vibaya. Hatusemi feza ni mubaya. Hatusemi mutumike bure. Hapa kwetu kuko watu wenye kuita kijana mwimbaji kwa sherehe, wanamuambia: tutakupa visibilité. Ndugu, visibilité hailipe nyumba. Unapenda kazi yako? Njo sababu hasa ya kuipa bei. Kile tunachosema ni utaratibu: kwanza kazi iwe na maana kwa mutu, kisha bei. Ukianza na bei, utafika kwa ndoa na utasahau mama wa bibi harusi.

Na muandike mapatano, hata kama ni wandugu. Munakumbuka Staff Benda Bilili, wale wanamuziki walemavu wa Kinshasa? Mwaka wa 2009 albamu yao ilitoka, mwaka wa 2010 filme yao ilionyeshwa Cannes, dunia yote ikasimama. Mwaka wa 2013 kundi liligawanyika. Hatukuwa pale, hatuwezi kusema nani alikuwa na haki. Lakini tulijifunza hivi: wakati wa njaa ni rahisi kuwa pamoja, wakati wa feza njo inaomba karatasi. Sisi tuko na daftari moja. Kila franka inaingia mule, kila mutu anaweza kulifungua saa yoyote. Na kila muzee, ao mutu wa familia yake, anatia mukono kwamba amekubali sauti yake itembee. Kama anakataa, inabaki kwa familia tu.

Neno ingine, na hili tunaomba mulichukue muzuri. Siku hizi kila mukubwa akipanda mbele ya vijana anasema: jitengenezeeni kazi. Mwaka wa 2022 hata sheria ilitoka juu ya kusaidia wale wanaoanzisha kazi na startups. Ni vizuri. Lakini Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani, na Serikali njo inapashwa kuhakikisha haki hiyo na kukinga watu na ukosefu wa kazi. Basi upendo wetu wa kazi usigeuke kuwa blanketi ya kufunika deni ya wengine. Sisi tunarekodi Koko na mablanketi mu chumba, ndiyo. Lakini umeme, barabara, usalama, hatuwezi kuvirekodi. Hivyo tunavidai. Kijana anaweza kutumika kwa moyo na kudai kwa sauti, siku moja ileile.

Tunamaliza. Hatuna masomo kumi ya kuwapa. Tuko na maswali matatu ambayo tunajiuliza kila mwanzo wa mwezi, na tunawaachia.

La kwanza: kama kesho tunaacha, nani atakuja kugonga mulango na kuuliza kuko nini? Kama hakuna hata mutu mumoja, bado hatujaanza. Kama kuko hata mama mumoja wa sambaza, kuko kazi.

La pili: mwezi ambao daftari liko tupu, tunapata bado nguvu ya kufanya kazi vizuri? Hatusemi kufurahi. Hakuna mutu anafurahi na tumbo tupu. Tunasema kufanya vizuri, bila kuiba juu ya kazi.

La tatu: tunaweza kueleza feza yetu mbele ya Koko? Kila mutu iko na Koko wake, mutu ambaye huwezi kumudanganya machoni. Mupeleke hesabu yako kwake mbele ya kuipeleka kwa mutu mwingine.

Wewe unayeshona, wewe unayechora, wewe unayeandika mashairi na unayaficha chini ya godoro, wewe uliye na kamera na unapenda kweli kuangalia watu: usingojee barua ya ofisi. Anza na kile kiko mukononi. Anza kidogo. Usikope kabla hujapata mutu anayekungojea. Tafuta kazi ya kula bila haya. Na siku mujumbe atakuja na dola 800, usijibu peke yako. Kaa na wenzako, mugombane kama ni lazima, lakini mumuulize mwenye sauti.

Ile video ya ndoa ya sita iko bado kwetu. Hatukuifuta. Kila mutu mupya anayeomba kutumika na sisi tunamuonyesha, saa mbili nzima, na tunamuuliza: unaona nani hapa hayuko? Wengi wanasema hawajui. Mwezi uliopita mudada mumoja wa miaka 19 aliangalia dakika kumi tu, akauliza: "Na mama wa bibi harusi iko wapi?"

Ataanza kutumika na sisi wiki inayokuja. Tutakuwa tena watano.